Pikipiki za Osiri na Vumbi Linalokula Injini

Bodaboda wa Osiri husikika kabla hajaonekana. Kwenye machimbo ya dhahabu ya Osiri Matanda, Nyatike, kaunti ya Migori, anayepanda mlima na magunia ya mawe nyuma yake hutoa mngurumo unaofika ng'ambo ya pili, na akiachia aksileta unasikia ekzosi ikipasua hewa mara tatu, mara nne. Silensa imetobolewa, au matumbo yake ya ndani yameng'olewa kabisa. Mara nyingi kazi haikuishia hapo. Ea klina imetolewa ili injini "ipumue", na jeti ya kabureta imepanuliwa kwa waya. Yote hayo yamefanyiwa nyumbani, chini ya mti, kwa spana mbili na bisibisi.

Vijana hawa wana sababu, na ni sababu ninayoiheshimu. Tangu serikali ilipoondoa VAT kwenye pikipiki zisizozidi cc 250, mwishoni mwa miaka ya 2000, pikipiki ndiyo imekuwa lori la Nyatike. Inabeba mawe kutoka mashimoni hadi kwenye mashine za kusaga, inabeba maji, samaki wa Sori na mgonjwa wa kupelekwa hospitali. Lakini Boxer 150 ya Bajaj, ambayo ukubwa wake halisi ni cc 144.8, ina nguvu za farasi 12 hivi. Anayetaka kuongeza hata nguvu ya farasi mmoja bila kuifungua injini ana sehemu tatu tu za kushika: panapoingia hewa, panapochanganyika hewa na petroli, na panapotokea moshi.

Nia ni njema, ila mpangilio ndio unaoua. Katika mji wenye lami, kijana akitoa ea klina atapoteza miezi kadhaa ya uhai wa injini yake. Osiri hana miezi hiyo.

Sababu ni jiwe lenyewe. Dhahabu ya Nyatike imo ndani ya mishipa ya kwatzi, ndiyo maana mawe lazima yapondwe na kusagwa hadi yawe unga ndipo dhahabu itoke. Unga huo hutanda juu ya mabati, juu ya majani ya miti, na juu ya kila barabara inayopitwa na magunia. Kwatzi ina ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs, kuzidi chuma cha silinda. Ndilo vumbi lilelile linalowaletea wachimbaji ugonjwa wa mapafu uitwao silikosisi. Likipita kwenye kabureta isiyo na kichujio, linaingia silindani, linachanganyika na oili, na kuanzia hapo pistoni inapanda na kushuka juu ya msasa. Ringi zinakwisha kwanza, kisha ukuta wa silinda.

Mwenye pikipiki huliona hilo polepole. Kiki inaanza kushuka kirahisi, mguu hauhisi tena ule ubishi wa zamani. Oili inapungua bila kuvuja popote. Asubuhi ekzosi inatoa moshi wa buluu, na mlima uliokuwa ukipandwa kwa gia ya pili sasa unadai ya kwanza. Hapo kijana hurudi kwa fundi kulalamika kwamba nguvu imepungua, na fundi asiye makini huongeza tundu la jeti. Anapewa petroli zaidi mtu ambaye tatizo lake ni kwamba mgandamizo umevuja.

Sasa tuifungue kabureta, kwa sababu hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Iwe Mikuni, Keihin au ile ya Kichina iitwayo PZ27 yenye koo la milimita 27, kazi ni moja. Chini kuna kikombe cha petroli na floti inayopima kina chake. Ndani ya kikombe hicho zimefungwa jeti mbili za shaba, ndogo na kubwa. Juu yake inaning'inia sindano iliyoshikwa na slaidi, na kichwani mwa sindano kuna mikato midogo, mara nyingi mitano, ya kushikia klipu. Aksileta ikiwa imefunguliwa kidogo, hadi kama robo, jeti ndogo na skrubu ya hewa ndizo zinazoamuru. Kutoka robo hadi robo tatu, sindano ndiyo bosi. Jeti kubwa hutawala tu mkono unapokuwa umevutwa hadi mwisho.

Bodaboda huishi sehemu kubwa ya siku yake katikati, pale sindano inapotawala. Kuishusha klipu mkato mmoja, ili sindano ipande na petroli iongezeke, hakugharimu hata shilingi, na usipopendezwa unairudisha ilipokuwa. Lakini karibu kila anayechezea kabureta nyumbani hukimbilia jeti kubwa, na huikimbilia kwa waya. Jeti ya Keihin yenye namba 100 ina tundu la milimita 1.00. Waya ukilipanua likafika 1.10, jambo ambalo jicho haliwezi kulitambua, eneo la tundu limeongezeka kwa asilimia 21. Jeti za dukani hupanda kwa hatua ndogo, 100, 102, 105, kwa sababu waliozitengeneza wanajua tofauti hizo zina maana. Zaidi ya hapo, waya hukwaruza ukingo wa tundu na petroli haitiririki tena kama ilivyokusudiwa. Jeti iliyotobolewa haitoboleki kurudi.

Kuna jambo jingine ambalo sijaona likizungumzwa vya kutosha, nalo ni mwinuko. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na machimbo ya Nyatike yako juu ya hapo. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 10. Kabureta haina akili ya kulijua hilo. Inaendelea kumimina petroli ikidhani hewa ni ileile, kwa hiyo pikipiki iliyopimwa kwa nchi tambarare za pwani tayari inakula mchanganyiko mzito kidogo ikifika Osiri, na ikipanda hadi Kericho, zaidi ya mita 2,000, inakula mzito zaidi. Maana yake ni kwamba anayefungua ekzosi kidogo tu huku kwetu huenda asihitaji kugusa jeti kabisa. Ushauri unaotolewa na mtu wa Mombasa au wa ng'ambo, kwamba ekzosi mpya lazima iandamane na jeti kubwa zaidi, unapaswa kupimwa upya hapa.

Kipimo chenyewe kipo na hakina gharama. Fungasha mzigo wa kawaida, panda mlima mrefu aksileta ikiwa wazi, kisha zima injini palepale bila kuiacha ingurume ikiwa imesimama. Iache ipoe kidogo, fungua plagi uitazame pua yake. Rangi ya kahawia ni afya. Nyeusi yenye masizi makavu inasema petroli imezidi. Nyeupe inasema hewa imezidi, na hiyo ndiyo ya kuogopa, kwa sababu mchanganyiko mwepesi huwaka kwa joto kali na kuunguza valvu ya ekzosi. Anayetoa ea klina na kutoboa silensa bila kupima plagi huenda yuko kwenye rangi hiyo nyeupe bila kujua.

Ekzosi nayo ina mengi kuliko inavyoonekana. Wengi huliona kopo la silensa kama kizuizi kilichowekwa kwa ajili ya sheria za kelele. Ukweli ni kwamba urefu wa bomba, upana wake na vyumba vya ndani vimepimwa ili mawimbi ya moshi yarudi kwa wakati unaofaa na kuisaidia injini kujaa katika mizunguko inayotakiwa. Bajaj waliweka kwenye baadhi ya pikipiki zao mfumo waliouita ExhausTEC, kijikopo kilichoungwa kwenye shingo ya ekzosi, na kazi yake ni kuongeza msukumo wakati injini inazunguka taratibu. Huo ndio msukumo unaong'oa magunia ya mawe kutoka shimoni. Anayekata ekzosi fupi anaweza kupata nguvu kidogo juu kabisa, kwenye mizunguko ambayo mbeba mawe haifikii, akaipoteza chini anakoihitaji. Sikio linamdanganya: kelele imeongezeka, naye anadhani nguvu imeongezeka.

Na ule mlio wa kupasuka? Hewa safi imepenya kwenye bomba la moto, ama kwa gasketi iliyochoka shingoni mwa silinda, ama kwa sababu mchanganyiko ni mwepesi, na petroli isiyoungua silindani inawakia nje. Gasketi ya ekzosi ni miongoni mwa vipuri vya bei ya chini kabisa dukani. Wapo wanaoendesha mwaka mzima bila kuibadilisha kwa kuwa mlio unapendeza.

Najua kelele ina nafasi yake kwetu. Mwili unapotolewa mochari, pikipiki hutangulia na kufuata zikinguruma, na wazee wanaoikumbuka tero buru, ile desturi ya Wajaluo ya kukifukuza kifo kwa vishindo na mifugo, wanaelewa vijana wanafanya nini. Sina neno na siku hiyo moja. Neno langu ni kwa siku zilizobaki, saa nne usiku nje ya zahanati, saa tatu asubuhi kando ya darasa. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009, zilizo chini ya NEMA, mamlaka ya mazingira, zinakataza chombo cha moto kuzidi desibeli 84 kinapoongeza mwendo, na ekzosi iliyotobolewa haina ulinzi mbele ya kanuni hiyo. Anayeumia zaidi ni mwendeshaji mwenyewe, anayeketi juu ya mlio huo kutwa nzima. Abiria naye anachomwa mguu na moshi unaotokea mahali pasipotarajiwa.

Mimi ningeanzia wapi? Kwenye kichujio. Kama ni cha sponji, kioshwe kwa maji na sabuni, kikaushwe kabisa, kipakwe oili kidogo na kukamuliwa ili kinase vumbi. Kama ni cha karatasi, kisioshwe, kinunuliwe kipya. Kitabu cha pikipiki kinataja kilomita za kukihudumia, lakini aliyeandika kitabu hakuwa amesimama kando ya mashine ya kusaga kwatzi, basi kitazamwe kila wiki. Halafu ule mpira unaounganisha sanduku la ea klina na kabureta upapaswe kwa kidole kutafuta ufa, maana kichujio kizima hakisaidii ikiwa vumbi linapitia pembeni.

Baada ya hapo kikombe cha kabureta. Petroli ya kwenye chupa huja na maji na taka, na mara nyingine huja na mafuta ya taa. Uchanganyaji huo ulikithiri nchini hadi mwaka 2018 serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa tamaa. Pikipiki inayogonga ikipanda mlima huenda haihitaji jeti mpya, inahitaji petroli safi. Nafasi ya valvu ipimwe injini ikiwa baridi, kwa kipimo chake na si kwa kukisia. Huduma hizi peke yake hurudisha nguvu ambayo mwenye pikipiki alidhani haikuwepo tangu mwanzo.

Na anayebeba mawe kila siku, abadilishe sproketi. Kutoka meno 15 mbele hadi 14, gurudumu la nyuma linapata msukumo wa asilimia 7 zaidi kwenye kila gia. Utapoteza mwendo kidogo kwenye lami ya kwenda Migori, lakini hakuna ekzosi ya kutoboa nyumbani inayoweza kukupa hiyo asilimia 7 hapo chini, kimya kimya, bila kuongeza tone la petroli kwenye kabureta.

India, zinakotengenezwa Boxer na TVS, ilianza kutekeleza viwango vya moshi vya BS6 tarehe 1 Aprili 2020, na nyingi za pikipiki mpya za huko zikahamia mfumo wa kupuliza petroli unaoongozwa na kompyuta. Huku kwetu kabureta itaendelea kuwa nasi kwa miaka mingi. Pikipiki nyingi za Kichina zinazozunguka Nyatike ni wajukuu wa Honda CG125 ya mwaka 1976, injini iliyobuniwa makusudi kwa watu wanaozidisha mzigo na kuchelewa kubadili oili. Inavumilia mengi. Unga wa kwatzi haiuvumilii.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Osiri, Macalder au Sori, ukitaka kubadilisha ekzosi, badilisha: nunua nzima yenye silensa, funga na gasketi mpya, kisha tazama plagi. Ukitaka jeti, nunua yenye namba, na ile ya zamani uitunze mfukoni. Nanyi mafundi mnaoaminiwa na vijana hawa, kijana akija kuomba ea klina itolewe, mkatalieni, hata kama atakwenda kwa fundi wa pili.