Picha ni Juu ya Lundo

Vijana wengi siku hizi wafunguapo duka, hata huko Mbalibali katika Wilaya ya Serengeti, hulitangaza kwanza katika Facebook na WhatsApp. Hilo ni jema, maana habari ya ulezi au asali hufika Mugumu na Musoma pasipo nauli. Lakini yako makosa yatupasayo kuyaepuka.

La kwanza ni kuazima picha ya mali ya mwingine. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alipita penye lundo la nafaka, akatia mkono ndani, akakuta majimaji. Mwenye mali akasema ni mvua. Akamwuliza kwa nini hakuiweka juu ile iliyolowa, watu wapate kuiona. Basi picha ndiyo juu ya lundo: ulezi wenye mchanga usitangazwe kwa picha ya ulezi uliopepetwa.

La pili ni kuwaomba rafiki wajifanye wanunuzi na kusifu. Hiyo ni jamaa ya najshi, aliyoikataza Mtume.

La tatu ni kuficha bei na nauli ya mzigo mpaka mtu aulize.

La nne ni kumpelekea tangazo asiyelitaka, na hali Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 yataka ridhaa yake.

Tena jirani mwenye kitochi hazioni picha hizo. Yeye atamwuliza aliyekwisha kununua. Na tuuze kwa namna ambayo jibu lake halitatuaibisha.