Mpokeaji Atangulie au Afuate? Sarufi ya Lugha ya Asembli kwa Mwalimu wa Kiswahili

Utangulizi

Baadhi ya wanafunzi wetu husoma Kiswahili pamoja na somo la kompyuta, na mara kwa mara humjia mwalimu wa lugha wakitaka msaada wa kutafsiri maelezo ya kitaalamu. Eneo mojawapo linalowatatiza ni lugha ya asembli. Makala haya yanaeleza sarufi yake kwa kutumia istilahi tulizozizoea darasani.

Asembli ni nini?

Prosesa ya kompyuta haielewi chochote isipokuwa namba. Kwa kuwa binadamu hawezi kukariri namba hizo zote, hutumia vifupisho vya herufi, kisha programu iitwayo asembla huvigeuza kuwa namba. Mbinu hii si ngeni. Katika kompyuta ya EDSAC, iliyoanza kazi Cambridge mwaka 1949, herufi A ilisimamia kujumlisha na S ilisimamia kutoa.

Amri ya asembli ni sentensi fupi. Huanza na kitenzi cha kuamuru, kisha hufuatwa na shamirisho. Mtendaji hatajwi, kwani daima ni prosesa yenyewe. Shamirisho huweza kuwa namba, mahali katika kumbukumbu, au rejista, yaani nafasi ndogo ya kuwekea namba ndani ya prosesa.

Prosesa moja, maandishi mawili

Tuchukue prosesa za jamii ya x86, zilizotokana na Intel 8086 ya mwaka 1978. Tukitaka kuweka 5 katika rejista EAX, tunaweza kuandika kwa njia mbili:

mov eax, 5
movl $5, %eax

Ya kwanza ni mtindo wa Intel, unaotumiwa na asembla kama NASM. Ya pili ni mtindo wa AT&T, uliotokana na mazoea ya Unix, na ndio ambao asembla ya GNU huutumia usipoielekeza vingine. Amri zote mbili hutoa namba zilezile kwa prosesa. Kwa hiyo hizi si lugha mbili. Ni kama Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu na kwa herufi za Kirumi: lugha ni ileile, mwelekeo wa maandishi ndio umegeuka.

Mpangilio nao unafahamika. Tunaposema "Nilimpa mtoto kitabu", kitondo hutangulia kipozi. Huo ndio mtindo wa Intel: "mpe EAX 5". Tunaposema "Nilipeleka kitabu kwa mtoto", mpokeaji huja mwisho. Huo ni AT&T: "peleka 5 kwa EAX". Hali ni hiyo hiyo katika kutoa. Mwalimu wa hesabu husema "kumi toa tatu" au "toa tatu katika kumi", na jibu ni saba. Vivyo hivyo, "sub eax, ebx" na "subl %ebx, %eax" zote hupunguza EBX kutoka EAX.

Katika AT&T kuna pia upatanisho. Kiambishi tamati "l" katika "movl" huonyesha ukubwa wa biti 32, nayo rejista EAX ni ya biti 32. Ukiandika "movb %eax, %ebx", asembla hukataa, kama sisi tunavyokataa "kiti imevunjika". Lakini si kila kosa hukataliwa. Alama $ ikisahaulika, "movl 5, %eax" hupita bila onyo, ila maana yake sasa ni "soma kilichomo kwenye anwani 5 ya kumbukumbu". Programu ya kawaida ikifika hapo huvunjika.

Prosesa tofauti, lugha tofauti

Tukihamia ARM, tumebadili lugha yenyewe. Hapa kujumlisha huchukua shamirisho tatu:

ADD r0, r1, r2

Maana yake ni "r0 ipate jumla ya r1 na r2". Katika x86, "add eax, ebx" huifuta thamani ya awali ya EAX. ARM huziacha r1 na r2 kama zilivyokuwa. Mpokeaji hutangulia, ila kuna amri inayovunja kanuni: "STR r0, [r1]" hutoa kilichomo r0 na kukiweka katika kumbukumbu, kwenye anwani iliyomo r1. Motorola 68000 ya mwaka 1979 nayo humweka mpokeaji mwisho: "MOVE.L D1,D0".

Tahadhari katika istilahi

Kwanza, kitenzi "mov" huwavuta watu kukitafsiri "hamisha". Tafsiri hiyo hupotosha, kwani thamani hubaki ilikotoka. Neno sahihi ni "nakili". Pili, "neno" kwa maana ya kipimo cha data ni biti 16 katika maandishi ya Intel, lakini ni biti 32 katika ARM. Mfasiri asipotaja idadi ya biti, msomaji atapotea.

Hitimisho

Kabla ya kumsaidia mwanafunzi kufasiri mstari mmoja wa asembli, tumuulize maswali mawili: ni prosesa gani, na ni asembla gani? Bila majibu hayo, hata mwenye Kiswahili fasaha anaweza kumpa mtoto kwa kitabu badala ya kumpa mtoto kitabu.