Mahitaji ya kumbukumbu ya programu

Mahitaji ya kumbukumbu ya programu ni kiasi cha RAM ambacho programu ya kompyuta inahitaji ili ifanye kazi bila kukwama. Hupimwa kwa megabaiti (MB) au gigabaiti (GB). GB 1 ni takriban MB 1,000. RAM ni tofauti na diski: diski hutunza mafaili hata umeme ukikatika, lakini RAM hushika yale tu yanayotumika kwa wakati huo, na hufutika kompyuta inapozimwa.

Historia

Kompyuta iliyoongoza safari ya Apollo 11 kwenda mwezini mwaka 1969 ilikuwa na takriban kilobaiti 4 tu za kumbukumbu ya kuandikwa na kufutwa. Tangu hapo mahitaji yamepanda sana. Kwa mfano, viwango vya chini vya mfumo wa Windows vilikuwa:

* Windows 95 (1995): MB 4
* Windows XP (2001): MB 64
* Windows 7 (2009): GB 1
* Windows 11 (2021): GB 4

Katika miaka 26 kiwango kiliongezeka takriban mara 1,000. Mwaka 1995 Niklaus Wirth wa Uswisi, aliyebuni lugha ya Pascal, aliandika kwamba programu zinazidi kuwa za polepole upesi kuliko vifaa vinavyoongezeka kasi. Kauli hiyo hujulikana kama sheria ya Wirth.

Sababu za ongezeko

Baadhi ya ongezeko lina faida kwa mtumiaji. Picha ya skrini ya nukta 640 kwa 480, yenye rangi 256, huhitaji baiti 307,200. Ile ya nukta 1920 kwa 1080, kwa baiti 4 kila nukta, huhitaji baiti 8,294,400, yaani mara 27, lakini maandishi na picha huonekana vizuri zaidi. Vilevile vivinjari kama Google Chrome hutenganisha tovuti zilizofunguliwa, ili moja ikikwama isiangushe nyingine, wala tovuti mbaya isisome siri za nyingine. Ulinzi huo hulipiwa kwa RAM.

Ongezeko lingine humfaidi zaidi mtengenezaji. Programu zinazoundwa kwa Electron hubeba ndani yake kivinjari cha Chromium. Mtengenezaji huandika programu mara moja ikatumika katika Windows, macOS na Linux, lakini mtu aliyefungua programu tatu za namna hiyo anaendesha vivinjari vitatu.

Kiasi kinachofaa

Hakuna namba moja inayofaa programu zote. Njia mojawapo ya kupima ni kulinganisha RAM inayotumika na kazi yenyewe. Kuhariri video huhitaji nafasi kubwa, kwa kuwa picha zenyewe ni kubwa. Lakini barua ya herufi 20,000 ni takriban kilobaiti 20 tu. Programu ikitumia mamia ya megabaiti kuiandika, karibu nafasi yote inakwenda kwa mambo mengine.

Hata hivyo, RAM iliyojaa si lazima iwe dalili ya ubaya. Mfumo endeshi hutumia nafasi iliyo wazi kuweka nakala za mafaili yaliyosomwa karibuni, na huiachia programu inapoihitaji. Tatizo huanza RAM isipotosha: data huhamishiwa kwenye diski, ambayo ni ya polepole zaidi, na kompyuta huanza kujikokota.

Athari

Mahitaji yakipanda, kompyuta nzima isiyo na hitilafu huonekana haifai tena. Hali hii huzigusa zaidi shule na familia zinazotegemea kompyuta zilizokwishatumika, zikiwemo nyingi za Afrika Mashariki. Katika kompyuta mpakato nyingi za siku hizi RAM imeunganishwa moja kwa moja na bodi, hivyo haiwezi kuongezwa.

Zipo juhudi za kupunguza mzigo huo. Mwaka 2017 Google ilitoa Android Go kwa ajili ya simu zenye RAM ya GB 1 au pungufu, na matoleo mepesi ya Linux, kama Lubuntu, huziwezesha kompyuta za zamani kuendelea kutumika.