Asidi ya Foliki, Sumukuvu ya Mahindi na Kasoro za Mfereji wa Neva: Ushahidi wa Panya wa Maabara na Maana Yake kwa Mwanza

Mgongo wazi, ambao mara nyingi huambatana na kichwa kikubwa, hutokea pale mfereji wa neva wa kiinitete unaposhindwa kufunga. Utafiti uliofanyika katika Hospitali ya Bugando, jijini Mwanza, na kuchapishwa mwaka 2014, uliwachunguza watoto wachanga 445 waliolazwa. Asilimia 29 kati yao walikuwa na kasoro za kuzaliwa, na mfumo mkuu wa neva ndio ulioathirika zaidi. Miongoni mwa mambo yaliyohusishwa na kasoro hizo ni mama kutotumia asidi ya foliki katika kipindi cha kutunga mimba. Makala hii inafafanua namna vitamini hiyo inavyokinga, na sababu ya kinga hiyo kutegemea wakati.

Uhusiano wa vitamini na maumbile ya kijusi ulidhihirika kwanza kwa wanyama. Mwaka 1933, huko Texas, Fred Hale alieleza kuwa nguruwe jike aliyenyimwa vitamini A alizaa watoto wasio na macho. Baadaye, mwaka 1953, ilibainika kuwa vitamini A iliyozidi nayo huharibu vijusi vya panya. Hivyo basi, athari ya vitamini hutegemea kiasi chake na siku za mimba inapopatikana.

Kwa jamii inayokula ugali wa mahindi, mfano wenye uzito zaidi ni fumonisini, sumukuvu iliyotambuliwa Afrika Kusini mwaka 1988. Kuvu wa jamii ya Fusarium huizalisha ndani ya mahindi, shambani na wakati mwingine ghalani. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2004, panya wenye mimba changa walidungwa sumu hiyo kwa kipimo cha miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito, na asilimia 79 ya vijusi vilipata kasoro za mfereji wa neva. Fumonisini huzuia utengenezaji wa mafuta maalumu ya utando wa seli. Utando ukidhoofika, vipokezi vinavyoingiza foliki katika seli navyo hudhoofika. Panya walipoongezewa foliki, kasoro zilipungua, ingawa hazikuisha.

Matokeo hayo hayathibitishi kuwa ugali husababisha mgongo wazi. Panya hao walidungwa kipimo kikubwa, hawakulishwa mahindi, na si kila ukoo wa panya huathirika kwa kiwango kilekile. Hata hivyo, kinga ya foliki kwa binadamu imethibitishwa: jaribio la kimataifa lililochapishwa mwaka 1991 lilionesha kuwa asidi ya foliki iliwapunguzia hatari kwa asilimia 72 wanawake waliokwisha kupata mimba yenye kasoro hizo.

Mfereji wa neva wa binadamu hufunga takribani siku ya 28 baada ya mimba kutungwa, kabla wanawake wengi hawajajitambua kuwa ni wajawazito. Kidonge kinachotolewa kliniki katika mwezi wa nne, pamoja na faida yake kwa damu ya mama, hakiwezi kuufunga mfereji uliobaki wazi. Kwa sababu hiyo, kanuni za Tanzania za mwaka 2011 ziliweka utaratibu wa kuongeza virutubishi, ikiwamo asidi ya foliki, katika unga wa ngano na wa mahindi unaozalishwa viwandani. Lakini kaya nyingi za vijijini kandokando ya Ziwa Victoria husaga mahindi yao katika mashine ndogo zisizoongeza chochote. Aidha, kukoboa hupunguza fumonisini, iliyo nyingi zaidi katika pumba, lakini huondoa pia sehemu ya foliki ya asili: mlaji wa sembe hupoteza vitamini, na mlaji wa dona huweza kubaki na sumu.

Kwa kuhitimisha, ushahidi wa maabara unaelekeza hatua mbili zinazokwenda pamoja: kukausha na kuchambua mahindi kabla ya kusaga, na kumfikishia mwanamke asidi ya foliki kabla ya mimba. Mahali ambapo hatua zote mbili zinaweza kukutana ni kwenye mashine ya kusaga ya kijiji.