Maisha ya Chomboni na Kazi ya Kukitengeneza Chombo

Mithali ya watu wa pwani yasema, “Tezi na omo, marejeo ni ngamani.” Mwalimu wa bara huifundisha upesi, ya kwamba mtu hata azunguke wapi, mwisho hurejea pale pale. Maana hiyo si mbaya. Lakini mwanafunzi akiuliza, “Kwa nini ngamani?” mwalimu asiyepata kulala chomboni hana la kujibu. Tezi ni nyuma ya chombo, na omo ni mbele yake. Ngama ni pale chini kabisa, karibu na mkuku, palipoachwa wazi ili maji yavujayo yakusanyike. Maji yaingiayo omo hushuka ngamani, na yaingiayo tezi vile vile. Na baharia naye, awe alikuwa mbele akivuta henza au nyuma akishika usukani, zamu yake ifikapo hushuka ngamani kufua maji. Hakuna chombo cha mbao kisichovuja, na kwa hiyo hakuna siku isiyo na marejeo hayo.

Twataka kueleza hapa jinsi mabaharia wa jahazi wanavyoishi chomboni na jinsi wanavyokitengeneza kwa mikono yao wenyewe, maana kwao mambo haya mawili ni kazi moja. Tena yako maneno ya lugha yetu, hata yale tunayoyatumia darasani kila siku, ambayo hayafahamiki barabara mpaka kazi hiyo ifahamike. Jahazi tunalolisema ni lile la Lamu, Mombasa, Unguja na Kilwa, lenye tanga la mshazari lililofungwa katika foromali, lichukualo boriti, chumvi, nazi, mchanga na kila shehena ya pwani.

Katika jahazi hakuna chumba cha mtu. Shehena ndiyo mwenye nyumba, na watu ni wapangaji wake. Wakipakia boriti watalala juu ya boriti, wakipakia magunia watatandika mikeka juu ya magunia. Mahali pa nahodha ni shetri, karibu na usukani na dira. Mabaharia hukaa omo au katikati, na jua likizidi hutandaza chandalua cha tanga kuukuu. Choo ni kisanduku kilichofungwa nje ya tezi, juu ya bahari. Jiko nalo ni sanduku la mbao lililojazwa mchanga au udongo, na moto huwashwa juu yake katikati ya mafiga; na mpishi hulihamisha kwa kadiri ya upepo, ili cheche zisirukie tanga. Chakula ni wali, na kitoweo ni samaki aliyenaswa kwa mshipi ulioburutwa nyuma ya chombo, au papa mkavu siku ambayo bahari imenyima. Maji ya kunywa hukaa katika pipa au mtungi, nayo hayaguswi kwa kuoga wala kwa kufua nguo. Wali nao hupikwa kwa maji matamu yaliyochanganywa na kiasi cha maji ya bahari, na hivyo chumvi haihitajiwi. Ni akili njema, ingawa mgeni huona kiu siku ya kwanza.

Malipo ya mabaharia, kwa desturi ya zamani, si mshahara bali ni mafungu. Nauli ya shehena ikilipwa, hutolewa gharama za chakula, kisha chombo hupata sehemu yake na watu hugawana iliyobaki, nahodha akipata zaidi. Jambo hili lapasa kukumbukwa na kila atakaye kufahamu kwa nini mabaharia ni mafundi. Kila kitu kitengenezwacho na fundi wa nchi kavu hupunguza fungu la mtu. Na kila siku ambayo chombo kimelala bandarini bila shehena ni siku ya kula bila kuchuma. Basi baharia hujifunza kusokota kamba, kushona tanga, kuchonga kabari na kuziba mwanya, si kwa kupenda ufundi tu, bali kwa sababu hana mwingine wa kumtuma.

Mwaustralia Alan Villiers, aliyesafiri katika bumu la Kuwait mwaka 1938 na 1939, kutoka Aden mpaka Unguja na Rufiji na kurudi Ghuba, aliandika habari za watu hao katika kitabu kilichotolewa mwaka 1940. Alimwona fundi wa chombo akiunda mashua mpya juu ya sitaha, safari ikiendelea. Majahazi yetu ya pwani ni madogo kuliko mabumu hayo, na nafasi ya kuunda mashua haipo. Lakini tabia ni ile ile. Upepo ukiwa mwema na tanga limekaa sawasawa, hakuna aketiye bure ila mshika usukani, naye haketi bure.

Tuanze na kamba. Kamba za asili za chombo ni za makumbi ya nazi. Makumbi hufukiwa katika matope ya pwani kwa miezi, mpaka nyama yake ioze. Kisha hufukuliwa, hupondwa, na nyuzi zake huitwa usumba. Usumba husokotwa kwa viganja juu ya paja kuwa ugwe, nazo nyugwe husokotwa pamoja kuwa kamba. Kamba ya namna hii hustahimili maji ya chumvi kuliko maji ya mvua, nayo hunyumbuka chombo kipigwapo na wimbi. Siku hizi kamba za nailoni zimeenea, nazo zadumu. Lakini baharia mzee husema kwamba huteleza mkononi na mafundo yake hufunguka, na katika hili twaona ana haki.

Tanga lina mambo mengi zaidi. Vitambaa vyake zamani vilikuwa merikani au marudufu, vipande virefu vilivyoungwa kwa mshono wa mikono, na ukingoni kuna kamba iliyoshonewa kuzunguka tanga zima. Tanga halipasuki kwanza katikati. Huchanika pale penye mshono uliooza au palipokwaruzwa na foromali. Kwa hiyo kila literemshwapo hukaguliwa. Mwenye sindano kubwa huipaka uzi nta, hutia kiraka, na mshono wa kiraka hupita mbali na ukingo wa tundu, mahali kitambaa kingali na nguvu. Kiraka kilichoshonwa karibu mno hung'oka pamoja na kitambaa chake.

Lakini kamba ikikatika chombo hupunguza mwendo tu. Maji yakishinda, chombo huzama. Kwa hiyo kazi iliyo kubwa ni ile ya mbao. Mbao za juu, zisizofikiwa na maji, hukauka kwa jua na kuachana. Ndiyo maana asubuhi na jioni mabaharia huzimwagia maji ya bahari, na mgeni hudhani wanaosha. Maji ya mvua hawayapendi, kwa kuwa maji matamu yakituama huozesha mti. Penye mwanya kati ya ubao na ubao hutiwa kalafati, yaani pamba iliyosokotwa na kuloweshwa mafuta, ikashindiliwa kwa patasi butu na nyundo. Neno hili lina ndugu zake katika Kiarabu na Kireno, na twaweza kusema limezunguka bahari zote za kusini pamoja na wenye kulitumia. Kukalafati kwataka mkono wa kiasi: pamba ikilegea hutoka, na ikishindiliwa kupita kiasi husukuma mbao zikaachana mahali pengine, hata aliyeziba tundu moja akafungua mawili.

Chini ya maji kuna adui mwingine, naye ni mdudu atoboaye mbao. Kwa umbo ni kama mnyoo, ingawa wataalamu wamemweka katika jamii ya chaza na kome. Huingia akiwa mdogo mno, kisha hukua ndani ya ubao, hata ubao ukaonekana mzima kwa nje na kumbe ndani ni kama sega la nyuki. Dawa yake ni kukipandisha chombo pwani, kukichoma, na kukipaka deheni.

Kazi hii hungoja bamvua, maji makubwa yanayokuja mara mbili kila mwezi wa kuandama, karibu na mwezi mpevu na mwezi mchanga. Katika Unguja na Mombasa maji ya bamvua hujaa yapata saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa yapata saa nne. Chombo huletwa ufukoni alfajiri maji yakiwa tele. Yakipwa, chombo hukaa juu ya mchanga, nacho hutegemezwa kwa magadi, yaani miti ya kukizuia kisilale ubavu. Basi wana saa chache za asubuhi, mpaka maji yarudi. Kwanza hukwangua chaza na majani ya bahari. Kisha huwasha makuti makavu na kuyapitisha chini ya mbao, upesi upesi, moto ulambe bila kuunguza. Joto humwua mdudu na kukausha ubao. Ndipo hukalafati penye kuhitaji, na mwisho hupaka deheni, nayo ni shahamu au mafuta yaliyochemshwa na kuchanganywa na chokaa, mpaka chini ya chombo pakawa peupe. Atakayechelewa bamvua hupata hasara kweli kweli, kwa maana maji ya siku zifuatazo hupungua kila siku, na chombo kilichopwelewa juu sana hukaa pale karibu wiki mbili kikingoja maji makubwa mengine.

Sehemu ya juu haipakwi deheni, hupakwa sifa. Hapa wanafunzi wa bara hucheka, kwa kuwa sifa waijuayo ni ile ya kumsifu mtu. Sifa ya mabaharia ni mafuta ya ini la papa, yenye harufu ambayo hakuna awezaye kuisifu. Huulinda ubao usipasuke kwa jua, nayo hujulisha kuja kwa jahazi kabla halijaonekana.

Yote haya twayasema ya chombo cha misumari. Zamani kulikuwa na mtepe wa visiwa vya Lamu, ambao haukuwa na msumari hata mmoja: mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Ushonaji huo ni wa kale mno. Kitabu cha Kiyunani cha karne ya kwanza, kielezacho safari za Bahari ya Hindi, chasema kwamba mji wa Rhapta wa pwani yetu ulipewa jina hilo kwa sababu ya vyombo vyake vilivyoshonwa. Katika mtepe, kutengeneza chombo kulikuwa ni kushona upya; kamba zilizooza hukatwa, na nyingine hupitishwa katika matundu yale yale.

Turudi kwenye lugha. Vyeo vya chomboni kwa sehemu kubwa vimetoka ng'ambo: nahodha na sarahangi ni maneno ya Kiajemi, rubani ni ya Kiarabu. Bandari na nanga pia zatoka Uajemi, na usukani Uarabuni. Bali tanga na kamba, na vitendo kama kushona, kusokota, kufua na kutweka, ni vya Kibantu. Yamkini mwenye kuamuru alikuja na jina lake, na mwenye kutenda alikuwa na lake tayari.

Tena maneno haya yamepanda pwani yakaenda mbali. Kubisha ni kupeleka chombo huku na huku kuukabili upepo. Na abishaye neno la mwenzake hufanya vivyo hivyo. Chombo kiyumbacho ubavu kwa ubavu huenda mrama, na leo hata mkutano wa hesabu za shule huenda mrama, kwa midomo ya watu wasiopata kuiona bahari. Mtu aliyekaukwa na koo husemwa amepwewa na sauti, kana kwamba maji yamemwacha juu ya mchanga.

Krapf katika kamusi yake ya mwaka 1882, na Sacleux katika ile ya mwaka 1939, waliandika maneno mengi ya namna hii wakiyasikia vinywani mwa watu. Tangu hapo mashine imeingia katika majahazi mengi, na mwenye mashine hahitaji kubisha. Mwaka 2018, huko Lamu, mafundi waliunda jahazi la plastiki iliyookotwa, liitwalo Flipflopi, nalo lilisafiri mpaka Unguja mwaka 2019. Umbo ni la jahazi, lakini ubao wa plastiki hauliwi na mdudu, wala hauna haja ya kuchomwa kwa makuti. Twafurahi kwa ajili ya mabaharia. Lakini deheni ikikoma kupakwa, neno lake litabaki kitabuni bila mtu wa kulieleza.

Walimu walio karibu na Matondoni, Nungwi, Kilwa Kivinje na kila mahali vyombo vipandishwapo, wangefanya vema kwenda pwani siku za bamvua, yapata saa mbili asubuhi, pamoja na wanafunzi wakubwa na daftari. Waulize jina la kila kamba na kila ubao, wakiandika mahali neno liliposemwa, maana majina hayalingani. Dau la Unguja ni chombo kidogo cha misumari. Dau la Lamu la zamani lilikuwa la kushonwa, ndugu wa mtepe. Na wazee wa huko, mkiwaulizia dau, watawauliza kwanza ni lipi mnalolisema.