Neva Hukua Milimita Moja kwa Siku, Ankara Haingoji

Kipande cha glasi iliyovunjika ndani ya beseni la vyombo chaweza kukata kifundo cha mkono kwa nukta moja tu, na mara nyingi jeraha lenyewe halitishi machoni. Damu huzuiwa, ngozi hushonwa. Baadaye ndipo mgonjwa hugundua kwamba ncha za kidole gumba, cha shahada na cha kati hazihisi kitu, na kwamba kufunga kifungo cha shati kumemshinda. Neva ya kati, yaani mshipa wa fahamu unaopita katikati ya kifundo kuelekea kiganjani, imekatika.

Kuiunganisha ni kazi ya chumba cha upasuaji. Kumweleza mlipaji kilichofanyika humo ni kazi nyingine, na nchini Marekani, ambako karibu kila tendo la daktari hulipwa kwa namba, kazi hiyo ya pili imekuwa taaluma yenye watu wake. Namba za matendo hutoka katika orodha iitwayo CPT, ambayo Chama cha Madaktari cha Marekani kilianza kuichapisha mwaka 1966. Namba za maradhi na majeraha hutoka katika ICD, uainishaji wa Shirika la Afya Duniani. Toleo la kumi la uainishaji huo, likiwa na nyongeza za Kimarekani, lilianza kutumika huko tarehe 1 Oktoba 2015.

Mweka misimbo hakuwamo chumbani wakati wa upasuaji. Alicho nacho ni taarifa ya daktari tu. Taarifa ikisema “neva ilirekebishwa”, hana la kufanya ila kuirudisha kwa mwenyewe au kukisia, na kukisia ni kosa. Neva ya kidole ikishonwa, msimbo ni 64831, na kila neva ya kidole inayoongezeka ni 64832. Neva kubwa ya mkono ikishonwa mahali pake ni 64857, lakini ikihamishwa kutoka njia yake ya asili ni 64856. Kuichambua na kuisafisha neva hiyohiyo kabla ya kuishona hakulipwi peke yake, kwa kuwa huhesabiwa kuwa sehemu ya kushona.

Mambo huwa magumu zaidi pale ncha mbili za neva zisipofikiana bila kuvutana. Hapo daktari hutafuta daraja. Akitwaa kipande cha neva ya mgonjwa mwenyewe, mara nyingi kutoka nyuma ya mguu, akakipandikiza kiganjani kikiwa uzi mmoja, msimbo ni 64890 iwapo urefu hauzidi sentimita 4, na 64891 ukizidi. Kazi ya kukitoa kipande hicho mguuni imo ndani ya malipo hayo. Akitumia mrija wa kutengenezwa ni 64910. Akitumia neva iliyotolewa kwa marehemu na kuandaliwa kiwandani ni 64912, msimbo ulioanza mwaka 2018. Basi sentimita ambazo daktari hakuzipima, au alizipima asiziandike, hugeuka fedha zisizodaiwa au dai linalokataliwa. Hata kioo alichotazamia kina sheria yake. Hadubini ya upasuaji ina msimbo wa nyongeza, 69990, lakini miwani ya kukuza haina.

Upande wa jeraha nao una mitego. Neva ya kati ikikatika kwenye kifundo au kiganja ni S64.1, lakini ikikatika juu kidogo, mkononi kabla ya kifundo, ni S54.1. Toleo la Kimarekani hudai pia upande, kulia au kushoto, kisha herufi ya mwisho. Wengi hudhani herufi A ni ya ziara ya kwanza. Sivyo: A ni ya kipindi chote cha tiba yenyewe, upasuaji ukiwamo, D ni ya kipindi cha kupona, na S ni ya athari zilizobaki.

Lakini kinachomgusa mgonjwa kuliko namba hizi zote ni kalenda. Kwa mpango wa serikali uitwao Medicare, unaofuatwa na bima nyingi za binafsi, malipo ya upasuaji wa namna hii hujumuisha ziara za kawaida kwa daktari huyo kwa siku 90. Neva haiijui kalenda hiyo. Baada ya kushonwa hukawia wiki kadhaa, kisha hukua takriban milimita 1 kwa siku. Kutoka kifundoni hadi ncha ya kidole cha kati cha mtu mzima ni karibu sentimita 18, yaani miezi sita au zaidi. Siku ya 90 inapofika, nyuzi mpya zingali kiganjani. Kila ziara baada ya hapo ina ankara yake, na mazoezi ya mkono kwa mtaalamu wa tiba hayakuwamo katika kifurushi tangu mwanzo. Tena bima nyingi huanza hesabu upya kila Januari. Aliyeumia Oktoba hutoa mara mbili kile kiasi ambacho mgonjwa hujilipia kabla bima haijaanza kulipa, kwa jeraha lilelile.

Upasuaji wa pili ukihitajika ndani ya siku hizo, swali huwa moja: je, ulipangwa? Ikiwa taarifa ya kwanza ilitaja hatua ya pili, huambatishwa namba 58, malipo huwa kamili na siku 90 huanza upya. Ikiwa ni dharura ya kurudi chumbani kwa tatizo lililozuka, ni 78, na hulipwa sehemu ya upasuaji tu. Sentensi moja iliyosahaulika mwezi wa kwanza haiwezi kupachikwa mwezi wa tatu.

Tanzania ina njia yake. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya una orodha yake ya huduma na bei, na fomu ya madai huuliza utambuzi wa ugonjwa. Hata hivyo S64.1 ni ileile Muhimbili na Chicago, na daktari anayeandika “jeraha la mkono” bila kuitaja neva humwachia karani fumbo. Mgonjwa naye afanya vema kuomba nakala ya taarifa ya upasuaji wake kabla ya kuruhusiwa.

Katika ziara za baadaye daktari hugonga taratibu kwa ncha ya kidole juu ya njia ya neva, kipimo kilichoelezwa mwaka 1915 na Jules Tinel wa Ufaransa na Paul Hoffmann wa Ujerumani. Pale mgonjwa anaposhtuka kama aliyeguswa na umeme kidoleni ndipo nyuzi zilipofikia. Umbali huo kutoka kovuni huandikwa kwa sentimita. Hauna msimbo wala bei, ila mwenye bima anapouliza kwa nini mazoezi yaendelee mwezi wa tano, ndio unaowekwa mezani.