Ukungu Nyuma ya Kabati

Wazee wetu Unguja walilala madirisha wazi, upepo ukipita. Hapa Qantab, baina ya mlima na bahari, joto na unyevu wa kiangazi hutulazimisha kufunga kila kitu na kuwasha kiyoyozi.

Kwa miezi mingi nilikuwa nikiamka usiku nakohoa, kifua kinalia, pumzi hazifiki. Nikisafiri siku chache napata nafuu. Nikirudi, yale yale. Jamaa wakasema ni utu uzima. Siku tuliyosogeza kabati ndipo tulipouona ukungu mweusi umetanda ukutani. Harufu yake tulikuwa tukiifukuza kwa udi, kumbe moshi wa udi nao huichochea pumu!

Daktari alinieleza kwamba hewa yenye unyevu ikigusa ukuta uliopoa hugeuka maji, na nyuma ya kabati hapapiti upepo wa kuyakausha. Ukungu hurusha mbegu ndogo mno. Mwenye mzio akizivuta, njia za pumzi huvimba na kubana. Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo hilo mwaka 2009: nyumba zenye unyevu na ukungu huzidisha pumu na maradhi ya kifua.

Basi ndugu zangu, msikimbilie rangi mpya. Rangi huficha tu. Zibeni kwanza panapovuja, osheni ukuta kwa sabuni, ukauke barabara, na kabati likae mbali na ukuta. Kazi hiyo asipewe mwenye pumu. Nasi tulifanya hivyo, na alhamdulillahi, sasa nalala hadi alfajiri.